Biskuti ya Jiwe la Nne

Jijini
Jumatatu, 16 Septemba 1963

Mama Mkubwa mpendwa,

Nimepata kazi. Kabla ya kuandika maneno hayo hapa niliyaandika kwanza nyuma ya bahasha kuukuu, nione kama yatabaki kuwa kweli. Yamebaki. Kuanzia leo mimi ni karani mdogo katika ofisi ya hati za ardhi, ghorofa ya pili, meza iliyo karibu na mlango. Mweusi katika ghorofa hii ni mimi peke yangu. Yupo pia Bwana Tynes, mweusi mwenzangu anayefagia ngazi, naye asubuhi alininong'oneza: "Kijana, usimwage wino. Ukimwaga wewe, tumemwaga sote."

Nimepanga chumba kwa mjane mmoja wa kanisa letu la hapa, Bi. Verlie Paris. Kabla ya kumpata niligonga milango mitano yenye kibao cha chumba cha kupanga, na mara zote tano chumba kikawa kimechukuliwa dakika ile ile. Usihuzunike. Kwa Bi. Paris kuna jiko la makaa na watu wanasali kabla ya kula.

Sasa jambo lenyewe. Kuna sheria mpya kwa watu wetu waliokaa kwenye ardhi vizazi na vizazi bila hati. Wanaweza kuomba hati, mradi kila kitu kikamilike kabla ya tarehe 31 Machi mwakani. Anayeomba aape kwamba ardhi ni ya ukoo wake. Kisha mtu mwingine mmoja aape kwamba anaijua mipaka kwa miguu yake mwenyewe, si kwa kusimuliwa. Baada ya tarehe hiyo, ardhi isiyo na hati itakuwa ya serikali, na serikali itamuuzia yeyote imtakaye. Kampuni ya kokoto iliyochimba kilima cha jirani imekwisha kuandika barua kuulizia Tarbin. Barua hiyo nimeiona kwa macho yangu.

Fomu nimeiweka humu. Nadhani Mzee Alpheus Beals anafaa kuwa shahidi wako.

Wasalimie wote wa Tarbin.

Mwanao,
Ormond Clyke


Tarbin
Jumapili, 22 Septemba 1963

Ormond mwanangu,

Leo baada ya ibada nimesimama na barua yako mkononi. Mchungaji akasema, "Dada Leota, mbona unang'aa, umeokoka mara ya pili?" Nikawasomea. Watu wamepiga makofi mpaka njiwa wakatoka kwenye mnara. Rafiki yangu Ardith naye hakukosa la kusema: "Sasa Ormond atavaa tai hata akioga!" Mcheke tu, lakini nimemwona akifuta macho.

Mambo yanabadilika, siwezi kukataa. Hata Port Amory siku hizi tunaruhusiwa kukaa ukumbi wa chini sinema, pamoja na Wazungu. Nilikwenda na Ardith, tukakaa katikati kabisa. Waliokuwa mbele yetu wakahama, waliokuwa nyuma wakahama, tukabaki na safu tatu peke yetu. Ardith akanyoosha miguu akasema, "Leota, sheria hii ni nzuri kwa magoti." Lakini mwanangu, kule juu tulikotupwa zamani tulikuwa tunaona picha vizuri zaidi.

Fomu nimeijaza. Ila kwa nini Mzee Beals? Ana miaka themanini na moja, na mipaka yetu anaijua kwa sababu shamba lake linapakana na letu upande mmoja. Pande nyingine hajazikanyaga sana. Mtoto wa mawe ya mpaka ni wewe. Umesahau? Ulikuwa na miaka saba, tumemaliza kuchuma beri, mama yako amelala kaburini mwaka wa tatu. Nikakushika mkono kama nilivyoshikwa mimi. Jiwe la kwanza penye njia ya kanisa. La pili chini ya msonobari wenye vichwa viwili, karibu na chemchemi. La tatu kwenye kinamasi. La nne juu ya ukingo, mahali unapoona ghuba yote. Kila jiwe ulikaa juu yake ukala biskuti ya molasi, bila neno, mpaka iishe. La nne nilikupa kubwa kuliko zote. Ukaniuliza makombo yataliwa na nani. Nikakwambia ardhi nayo ina mdomo.

Babu yangu alipewa karatasi ya mfalme, ya kukaa tu, si ya kumiliki. Akaja bwana mmoja wa serikali akaiazima ili akainakili. Mpaka leo anainakili. Ndiyo maana wazee wetu walisema: karatasi huondoka ikapotea, mtoto huondoka akarudi.

Basi panda treni siku moja uje uape. Nitakupikia samaki wa chumvi na viazi.

Mama yako Mkubwa,
Leota Izzard


Jijini
Jumatano, 2 Oktoba 1963
(Haikutumwa)

Mama Mkubwa,

Kuna jambo ambalo sikukuandikia.

Siku ile ya kwanza Bwana Purcell, mkuu wetu, alinipa karatasi nitie sahihi. Inasema: "Natamka kwamba sina ndugu wala mlezi mwenye maombi ya ardhi mbele ya ofisi hii." Akaniuliza, "Wewe si wa Tarbin?" Nikajibu kwamba nilizaliwa Port Amory. Hospitali ilikuwa Port Amory, kwa hiyo sikudanganya. Akasema, "Afadhali. Ungekuwa na watu huko ningemchukua yule wa pili kwenye orodha." Peni ilikuwa tayari mkononi mwangu. Nilikuwa nimevaa tai ya marehemu mume wako. Nikatia sahihi.

Kwa hiyo nikija kuapa kwamba ulinipitisha mawe, lazima niseme ni kwa nini ulinipitisha, wewe ni nani kwangu. Siku hiyo hiyo nitafukuzwa, labda na kushtakiwa kwa kudanganya ofisi. Bwana Tynes ana binti anayesomea ukarani. Kila akinipita kwenye ngazi ananitazama tai, kisha viatu, kisha anatabasamu. Nikifukuzwa kwa uongo, watasema: mnaona, tulimjaribu mmoja. Binti yule hatapata hata nafasi ya kugonga.

Ninaogopa, Mama Mkubwa. Uliniita shujaa nilipotumbukia majini barafu ilipovunjika nikiwa na miaka tisa nikatoka mwenyewe. Sikuwa shujaa. Nilipiga kelele, ila upepo ulikuwa unavuma kwenda baharini, hukunisikia.


Jijini
Ijumaa, 4 Oktoba 1963

Mama Mkubwa mpendwa,

Asante kwa barua na kwa soksi. Kazi zimekuwa nyingi sana na makarani wapya hawapewi ruhusa mpaka wamalize miezi sita. Nimeisoma sheria kwa makini, kifungu kwa kifungu. Shahidi mzee huaminiwa kuliko kijana, kwa hiyo kiapo cha Mzee Beals kitakuwa na uzito zaidi kuliko changu. Mpitishe mawe polepole siku ya jua, hata kwa kigari cha farasi, ili aweze kusema ameyakanyaga yote. Kisha aende kwa wakili Port Amory.

Mawe nayakumbuka. Tafadhali usidhani nimeyasahau.

Mwanao,
Ormond


Tarbin
Jumapili, 10 Novemba 1963

Ormond,

Miezi sita umesema. Mimi nilidhani ofisi, kumbe gereza! Nakutania.

Mzee Beals nimempitisha. Ilituchukua siku mbili. Kwenye kinamasi alizama mpaka goti, akaniambia, "Leota, kama hili ndilo jiwe la tatu, mwambie lije kwangu." Nikampa biskuti kila jiwe kama mtoto, akadai mbili mbili kwa sababu ya umri.

Watu wa kampuni wamekuja na fito na kamba. Mmoja mdogo, mashavu mekundu, akaniuliza kwangu kunaishia wapi. Nikamwambia, "Kwani kwenu kunaishia wapi?" Akacheka, akachomeka fito yake katikati ya kabichi zangu. Nilipoing'oa akasema, "Bibi, hiyo ni mali ya kampuni." Nikamwambia, "Na kabichi?"

Mwanangu, baba yangu alipotaka kwenda vitani mwaka 1914 walimwambia vita hii si ya watu weusi, rudi nyumbani. Miaka miwili baadaye walipopungukiwa wakamwita, wakampa koleo badala ya bunduki. Akachimba, akakata miti, akarudi na kikohozi. Alipofika hapa alikwenda moja kwa moja jiwe la nne, hakuingia hata ndani kumsalimu mama. Akakaa pale mpaka jua likazama. Nilikuwa naye. Alisema neno moja tu: "Hapa hawanifukuzi."

Siandiki haya kukutisha. Nakuandikia ujue ni kitu gani unachokiapia, au anachokiapia mwingine kwa niaba yako.

Mzee Beals atakwenda kwa wakili barabara ikiganda vizuri kwa baridi. Ila kikohozi chake sikipendi. Jiandae wewe.

Mama yako Mkubwa,
Leota


Jijini
Jumatatu, 2 Desemba 1963

Mama Mkubwa mpendwa,

Nina mafua mazito na daktari amenikataza kusafiri, kwa hiyo Krismasi sitaweza kuja. Nasikitika sana. Nimekutumia kitambaa cha kichwa kwa posta.

Tafadhali Mzee Beals asichelewe. Maombi yako nimeyaona yamefika, yako kwenye rafu ya kijani. Kila asubuhi naangalia kama yapo.

Mwanao,
Ormond


Tarbin
Jumapili, 19 Januari 1964

Ormond mwanangu,

Mzee Beals tumemzika jana.

Alikwenda Port Amory Jumanne ya wiki iliyopita, kwenye theluji, amevaa suti ya harusi yake. Akamwambia karani wa wakili amekuja kuapa. Karani akamwonyesha benchi la ukumbini, karibu na mlango wa nje. Kila Mzungu aliyefika akaingia kabla yake. Waliomtangulia na waliomfuata, wote waliingia. Saa kumi jioni wakafunga ofisi, wakamwambia arudi Alhamisi. Akarudi maili sita kwa miguu, kwa sababu basi la mwisho lilikuwa limeondoka yeye akiwa bado benchini, anaogopa akiinuka atapoteza zamu.

Nilimkuta kwenye ngazi zake, ameshindwa kufungua mlango, vidole vimekufa ganzi. Nikamwambia, "Mzee, kwa nini hukugonga tena kule kwa wakili?" Akasema, "Leota, sheria imebadilika. Benchi ni lile lile." Alhamisi hakuweza kuinuka. Kifua kikamshika.

Hajaapa, Ormond. Hakuna karatasi yenye jina lake.

Sasa katika dunia nzima aliyepitishwa mawe manne ya Izzard ni mimi na wewe. Mafua yako yatakuwa yamepona. Njoo.

Leota


Tarbin
Jumapili, 23 Februari 1964

Ormond,

Nimepokea magazeti mawili na sabuni. Barua sikuiona ndani. Nimekung'uta magazeti mara mbili.

Kama kuna jambo, mimi ndiye niliyekusafisha ulipokuwa na tetekuwanga. Hakuna nisichokiona kwako.

Leota


Jijini
Jumatano, 11 Machi 1964

Mama Mkubwa wangu mpendwa,

Sikuwa na mafua. Daktari hakunikataza chochote. Wala miezi sita haikuwahi kuwepo.

Siku ya kwanza ya kazi nilitia sahihi kwamba sina ndugu wala mlezi anayeomba ardhi. Nilikukana, Mama Mkubwa, kwa peni ya ofisi, nikiwa nimevaa tai ya mume wako, kwa sababu niliogopa kukosa meza karibu na mlango. Nikamtanguliza mzee wa miaka themanini na moja kwenye theluji ili nisiinuke mimi kitini. Tangu Januari nimeandika barua nyingi na kuzichana. Sabuni nilinunua kwa kukosa la kusema.

Leo saa nne asubuhi nimeweka barua ya kuacha kazi juu ya meza ya Bwana Purcell. Mwenyewe hayupo. Amesafiri tangu jana kuchukua viapo vijijini, sikuuliza wapi. Kisha nikashuka ghorofa ya chini kwa msajili wa viapo, nikainua mkono, nikaapa: kwamba mimi ni mtoto wa dada yake Leota Izzard, kwamba yeye ndiye aliyenilea, kwamba katika vuli ya mwaka 1949 alinishika mkono akanipitisha mipaka yote. Nikataja jiwe moja moja. Nilianza kwa sauti ndogo mpaka msajili akaniuliza kama nataka maji. Nilipofika kinamasini sauti ikarudi. Kwenye jiwe la nne nikataja hata biskuti. Akauliza, "Na hilo niliandike?" Nikasema liandike.

Kiapo kimepigwa muhuri na kimewekwa kwenye jalada lako, rafu ya kijani. Nilikiweka kwa mkono wangu, na hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho mle.

Nikishuka ngazi nikamkuta Bwana Tynes na ufagio. Nikamwambia. Akaegemeza ufagio ukutani, akasema, "Ulimwaga wino ule wa Septemba. Huu wa leo ni wa kufutia." Sijui kama amenisamehe.

Wakija kwako, sema kweli tupu. Wakikuuliza kama yuko mwingine uliyempitisha, nitaje. Hakuna tena cha kuficha.

Mwanao,
Ormond


Tarbin
Alhamisi, 12 Machi 1964

Ormond mwanangu,

Leo si Jumapili lakini siwezi kungoja.

Amekuja Bwana Purcell kuchukua kiapo changu, na mwanamke wa kupiga taipu. Wameketi jikoni kwangu. Si mtu mbaya, amekula maharage na kuomba tena. Akaanza mazungumzo: "Ofisini tuna kijana wenu mmoja, Clyke. Mwangalifu huyo! Anafuta peni kabla ya kuiweka chini." Nikasema, "Ehe?" Akasema, "Tena bahati nzuri hana ndugu huku. Angekuwa naye ningelazimika kumwondoa siku hiyo hiyo, na ningeshindwa kumtetea tena mweusi mwingine kwa wakubwa."

Nilikuwa namimina chai. Nikaendelea kumimina mpaka ikajaa kwenye kisahani. Pale pale, mwanangu, nikaelewa mafua yako na sabuni yako. Kumbe ulikuwa umebanwa mlangoni peke yako miezi yote hii, nami nakupigia kelele uje.

Akaomba Biblia. Nikampa yetu, ile yenye majina ya watoto wote wa ukoo jalada la ndani, na lako limo kwa mwandiko wangu. Nikaweka mkono juu yake. Akauliza, "Yuko mtu mwingine aliye hai uliyempitisha mipaka hii?" Nikasema, "Hayupo." Akauliza, "Hata mtoto?"

Nikasema, "Sikujaliwa mtoto."

Miaka sitini na mitatu sijasema uongo juu ya Kitabu, na mjane wa shemasi mimi. Mkono ulikuwa wa moto. Mwanamke yule akaandika, nikatia sahihi, wakaondoka.

Kwa hiyo sasa usije. Usiape, usiandike chochote, usimwambie mtu. Kaa kwenye meza yako. Mimi bado nina siku kumi na tisa. Nitamtafuta mtu, hata Ardith nitamkokota kwenye mawe, ana miguu mibaya lakini ana mdomo. Na wakichukua ardhi, basi wameichukua. Babu yangu alipoteza karatasi, sitampoteza mtoto.

Ichome barua hii.

Mama yako Mkubwa,
Leota


Jijini
27 Aprili 1964

Bi. Leota Izzard,
Tarbin.

YAH: MAOMBI YA HATI YA ARDHI, TARBIN

Tafadhali rejea somo la hapo juu.

Katika jalada lako kuna viapo viwili. Cha kwanza ni cha Bwana Ormond Clyke, cha tarehe 11 Machi, kinachosema wewe ni mlezi wake na kwamba ulimpitisha mipaka akiwa mtoto. Cha pili ni chako mwenyewe, cha tarehe 12 Machi, kinachosema hujawahi kumpitisha mtu mwingine aliye hai, wala mtoto. Wakili wa kampuni inayopinga maombi yako ameonyesha kwamba viapo hivi haviwezi kuwa vya kweli vyote viwili.

Bwana Clyke akifuta kiapo chake, maombi yako yatakuwa hayana shahidi, kwa kuwa kiapo cha Bi. Ardith Jewell kimeonyesha alipitishwa mipaka mwezi Machi mwaka huu tu, baada ya maombi kupokelewa, jambo lisilokubalika. Wewe ukifuta chako, utakuwa umekiri kuapa uongo, na maombi ya mtu aliyeapa uongo hayapokelewi. Aidha, unaweza kushtakiwa.

Kwa sababu hiyo maombi yamekataliwa. Utapewa notisi ya kuhama.

Ninasikitika.

H. Purcell
Mkuu wa Kitengo


Kwenye treni, kituo sikijui
Jumapili, 3 Mei 1964

Mama Mkubwa,

Nakala ya barua ile nimeipata kwa Bi. Paris, pamoja na barua yako ya Machi ambayo ilifika mimi nimekwisha kuapa na kuondoka. Zilipishana njiani. Labda yangu na yako zililala usiku mmoja katika kituo kimoja cha posta, kila moja ikielekea kuiharibu nyingine.

Sasa mimi ni mhudumu wa mabehewa ya kulala. Ndiyo kazi waliyotuachia siku zote, na wanaume wa hapa wamenipokea vizuri. Abiria hawaulizi jina langu. Wananiita George, sisi wahudumu weusi sote ni George. Nawatandikia vitanda, nawasafishia viatu. Mzee mmoja mwenzangu aliniona nasoma barua yako, akasema, "Msichana?" Nikasema, "Mama." Akaniletea chai.

Najaribu kuhesabu ni lini ingewezekana. Ningekuja Oktoba. Ningekuja Novemba. Hata Machi, ningepanda treni nikuambie kwa mdomo badala ya kuandika. Lakini sisi tuliosoma tunaamini karatasi.

Ulisema "sikujaliwa mtoto." Nimeisoma sentensi hiyo katika kila mji tuliopita. Najua kwa nini uliisema. Hata hivyo naisoma.

Sistahili kukuomba barua. Anwani iko nyuma ya bahasha.

Ormond


Jijini
Jumapili, 12 Julai 1964

Mama Mkubwa,

Bi. Paris amesikia kanisani kwamba mashine zimeingia Tarbin. Nimeandika mara tatu tangu Mei. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi, nijue u hai.

Ormond


Port Amory
Jumapili, 20 Septemba 1964

Ormond,

Barua zako zote nimezipata. Sikukasirika. Nilikuwa sina mahali pa kuwekea karatasi.

Nyumba waliiangusha tarehe saba Julai. Walinipa asubuhi ya kutoa vitu, wakaleta lori la takataka la mji kunihamisha. La takataka, mwanangu, na godoro langu juu yake. Ardith alisimama barabarani akamwambia dereva, "Shikilia vizuri, huyo ni mjane wa shemasi, si maganda ya viazi!" Dereva akavua kofia. Kanisa liliangushwa wiki iliyofuata, mchana, tukiwa tumesimama. Njiwa hawakuwa na pa kutua.

Sasa naishi vyumba viwili nyuma ya duka la dobi, pamoja na Ardith. Kuna bomba la maji ndani na taa ya kubonyeza. Nasikia watu wakisema tumeendelea. Kanisani kwa Wazungu wametukaribisha vizuri, wakatupa safu yetu wenyewe.

Miezi hii nimemwomba Mungu anisamehe kwa kiapo kile. Ninaomba, halafu najiuliza: Leota, bwana yule akirudi jikoni leo na swali lile lile, utasemaje? Na bado nasema, "Hayupo." Kwa hiyo hiyo si toba. Nimeacha kuomba. Namwambia tu ilivyokuwa. Wewe ulinikana kwenye karatasi kwa woga, mimi nikakukana kwenye Kitabu kwa mapenzi, na kiapo kilichotuvunjia nyumba ni changu, si chako. Kiapo chako kilikuwa cha kweli. Nataka ulijue hilo ukiwa unatandika vitanda vyao. Siku ile kati yetu wawili mkweli ulikuwa wewe.

Sasa sikiliza. Jumatano nilitembea mpaka Tarbin. Usinigombeze, nilipumzika njiani. Jiwe la kwanza halipo, wamelisaga. La pili halipo, na msonobari haupo. Kinamasi wamekijaza. Wamezungusha uzio wa waya kuanzia barabarani mpaka ukingoni, na vibao vya kukataza watu kuingia. Nikaufuata uzio kwa nje, mkono juu ya waya, mpaka mwisho.

Ormond, wamekosea. Hawakuwa na wa kuwaonyesha. Uzio umepinda kabla ya ukingo, na jiwe la nne limebaki nje. Liko pale pale, ghuba iko mbele yake. Kati ya jiwe na waya pamebaki nafasi ya watu wawili kukaa, wakibanana.

Nikakaa. Mlinzi akaja upande wa ndani akaniambia, "Bibi, hapo si pa kukaa." Nikamwambia, "Angalia uzio wako, kijana." Akauangalia. Akakuna kichwa, akaenda zake.

Nitakuwa pale Jumapili ya kwanza ya Oktoba, beri zikiwa zimekwisha, kama mwaka ule. Kama treni yao itakuruhusu.

Nimekufungia biskuti moja ndani ya karatasi ya mkate, imo kwenye kifurushi hiki. Ni kubwa. Usiile njiani.

Mama yako,
Leota Izzard